Risasi Ishirini za Brita

Mimi shemeji yangu namuita Kiguu na Njia, na yeye hakasiriki. Verlin Haugstad hajui kukaa. Kwa miaka thelathini na moja aliendesha gari la kusukuma theluji la kaunti, kutoka hapa Carlow hadi juu kwenye mpaka wa Idaho na kurudi, na nadhani kazi ile ilimfaa kwa sababu barabara haikuisha. Akifika mwisho, mwanzo ulishafunikwa tena. Kisha goti likamharibikia, wakampa keki na saa ya ukutani, wakamwambia akapumzike. Kupumzika nani? Wiki ya kwanza aling'oa mlango wa jiko la dada yangu Nadine akaupiga randa ingawa haukuwa unakwama. Wiki ya pili akaushusha wa chooni. Tukakaa mwezi mzima bila mlango wa chooni, na mimi ndiye mgeni wao wa kila Jumapili.

Nadine akanipigia simu. "Emmett, njoo umchukue huyu mtu wako kabla sijamfungia bandani na kuku."

"Ni mume wako, si wangu."

"Wewe ndiye uliyemleta nyumbani kwa Baba. Sikumtafuta mimi."

Kweli nilimleta mimi, mwaka ule tulipokuwa tunafanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha mbao. Kwa hiyo nikafikiri, nikamwambia Nadine ampeleke kwa Mwalimu Opal akajifunze kutengeneza risasi. Kazi ya mikono, ya mezani, ya kukaa kwenye kiti. Nilijiona nina akili sana siku hiyo.

Mwalimu Opal Reinke alitufundisha jiografia sisi sote, na watoto wetu pia. Ana miaka sabini na minne, na bado akilenga bati lililo mbali kiasi kwamba wengine hatulioni, analipata. Risasi zake hanunui. Anaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, anayasafisha, anayarudisha umbo kwenye mashine ya mkono, anaweka fataki mpya kitakoni, anamimina baruti, anapachika kichwa kipya. Meza yake ya kazi iko kwenye chumba cha kufulia, kati ya mashine ya nguo na pasi, na ukutani amebandika karatasi yenye sheria alizoandika kwa kalamu nyekundu, herufi zilezile alizotuandikia ubaoni.

Wiki tatu za kwanza hakumruhusu Verlin hata kuigusa baruti. Alimpa ndoo ya maganda ya shaba na rula ya kupimia vitu vyembamba.

"Pima. Andika. Pima lingine."

"Mwalimu, yote yako sawa haya."

"Hayako sawa. La kumi na tisa ni refu. Ulikuwa unatazama dirishani, Haugstad, kama ulivyokuwa unatazama dirishani darasa la saba."

Verlin alinisimulia hayo akicheka, lakini alirudi kwake kila Jumanne. Alipopewa ruhusa akanunua mashine yake, mizani yake, na ile chupa ya kupimia inayofungwa ukingoni mwa meza: unajaza baruti juu, unavuta mkono wa chuma, kipimo kimoja kinashuka ndani ya ganda. Akafunga vyote kwenye banda lake la nyuma. Nadine akawa anapika kwa amani. Mimi nikapata mlango wa chooni.

Sheria za Mwalimu nilizijua hata mimi ambaye sitengenezi chochote, maana Verlin alizinukuu kanisani. Kopo moja tu la baruti juu ya meza. Ukimaliza, chupa ya kupimia unaimwaga yote, unarudisha baruti kwenye kopo lake, ndipo unanyanyuka. Kila kitu kiandikwe kwenye daftari kabla ya kunywa kahawa. Risasi ya kutengenezwa na mtu mwingine usipige, hata akiwa nani wako. Na ukiwa unamimina baruti, mtu akiingia, unamwambia anyamaze. Hiyo ya mwisho huku kwetu si ufidhuli. Mtu akiambiwa "nyamaza, namimina," ananyamaza, anakaa kwenye ndoo, anasubiri.

Sasa Brita. Brita ni binti yao, wa pekee, anapigilia farasi viatu vya chuma kwenye kaunti ya pili, na mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Tangu aolewe na Tavis hakuwa anafika sana. Si kwamba walikosana na babake. Kazi, umbali, na ukweli mwingine ambao hakuna aliyeusema: Verlin alikuwa mtu wa kuonana naye mlangoni tu, yeye akitoka. Ukitaka kuzungumza naye utembee naye.

Mwaka huu kibali cha Brita cha kuwinda kikatoka. Alikuwa akituma jina kwenye bahati nasibu ya elki, wale kulungu wakubwa, wa eneo la juu, kule kwenye madume yenye pembe za kujaza nyuma ya gari la mizigo, kwa miaka kumi na moja. Akataka kuwinda na bunduki ya marehemu baba yetu, mimi na Nadine, bunduki nzuri lakini ya kizamani, risasi zake madukani ni za kutafuta kwa tochi. Alikuwa amepata tatu tu. Mimi ndiye niliyemwambia, "Nenda kwa baba yako akutengenezee." Na ile sheria ya kutopiga risasi ya mwenzako? Kwa baba na mwana watu huwa wanaifumbia macho. Mimi nilifumba macho yote mawili.

Basi Brita akaenda, Jumamosi moja mapema Oktoba, na Verlin akamtengenezea ishirini. Nilizikuta Jumapili yake, zimepangwa kwenye kisanduku cha plastiki, kifunikoni ameandika BRITA na tarehe. Akanionyesha mara tatu. Mtu angefikiri amezaa upya.

Ijumaa ya kabla ya msimu kufunguliwa, saa sita na kitu mchana, nilikuwa nabadilisha betri ya gari langu, nikamwona Verlin anavuka barabara bila koti. Theluji ilikuwa inadondoka kidogo kidogo. Mkononi ana kopo.

"Shemeji, utakufa kwa baridi."

"Tazama hapa," akasema. "Tazama muhuri."

Nikatazama. Kopo la baruti, lile la bunduki kubwa, jipya. Karatasi ya muhuri juu ya kifuniko ilikuwa nzima.

"Halijafunguliwa," nikasema. "Ee?"

"Hili ndilo kopo nililotengenezea za Brita."

Sikuelewa upesi, nakiri. Akanieleza akizunguka gari langu, mara mbele mara nyuma, nami namfuata na spana. Siku ile Brita anaingia bandani, kopo hili jipya lilikuwa mezani, tayari kufunguliwa. Wakaanza kuongea. Verlin akatazama chupa ya kupimia akaona imejaa baruti, akili yake ikamwambia ameshaijaza. Kumbe hakuijaza. Ile baruti ilikuwa humo tangu Agosti, hakuimwaga. Na mwezi ule wa Agosti alitengeneza za aina mbili: za bunduki yake kubwa, na za ile ndogo ya kupigia panya wa mashambani.

"Ya mwisho ilikuwa ipi?"

"Sijui."

"Daftari linasemaje?"

"Sikuandika."

Hapo nikaweka spana chini. Nijuavyo mimi, na sijui mengi, baruti ya bunduki ndogo inaungua kwa pupa. Ukiijaza kwenye ganda kubwa kipimo kizima, haiisukumi risasi tu, inapasua chuma. Chuma chenyewe kiko vidole vinne kutoka kwenye jicho la mpigaji. Mizani haikwambii, kwa sababu mizani inapima uzito, haijui jina.

"Amezijaribu?" nikauliza. "Verlin. Amezijaribu au bado?"

"Alisema atazijaribu huko huko kambini. Leo jioni."

Simu ya Brita ililia mara moja ikakatika. Kule juu hakuna mtandao, kila mtu anajua. Ya Tavis vilevile. Nadine akapiga ofisi ya msitu, akaambiwa walinzi wote wako njiani kwa ajili ya msimu, watajaribu kufikisha ujumbe wakimpata mtu. Watajaribu. Verlin akampigia Mwalimu Opal, nikiwa nimesimama karibu na nikasikia sauti yake ikitoka kwenye simu kama ametuita mbele ya darasa.

"Ulimwaga chupa, Haugstad?"

"Hapana, Mwalimu."

Nilingoja amtukane. Alistahili.

"Chukua makopo yote mawili," akasema, "na ile nyundo ya kufungulia risasi, na karatasi nyeupe. Nenda. Mbona bado unaongea na mimi?"

Tuliondoka na gari langu, saa saba kasoro, mimi nikiendesha kwa sababu ya goti lake. Saa tatu na nusu za njia barabara ikiwa kavu, na haikuwa kavu. Brita akifuata akili ya kawaida angejaribu bunduki saa kumi hivi, mwanga bado mzuri, jua likiwa mgongoni. Hesabu hiyo sote wawili tulikuwa nayo kichwani, hakuna aliyeitaja.

Safari ile siitaki tena. Verlin alifungua dirisha, akafunga. Akafungua. Akawasha redio, akazima katikati ya neno. Akashika yale makopo mapajani, akayaweka chini, akayachukua tena.

"Shemeji, ukifungua hilo dirisha mara nyingine nakushusha hapa hapa na ng'ombe wa watu."

"Kanyaga mafuta."

"Nakanyaga."

"Hukanyagi. Unaendesha kama unapeleka mayai sokoni."

"Barabara ni barafu, Verlin. Si wewe uliyekuwa unaisafisha? Basi ungebaki kazini."

Hakucheka. Nilijuta kusema. Mbele yetu lori la mtu limebeba farasi wanne, linapanda kilima kwa mwendo wa jongoo, na Verlin akaanza kupiga dashibodi kwa ngumi, polepole, si kwa hasira, yaani mkono tu ulikuwa unakwenda wenyewe. Nilipita lori lile mahali ambapo sitamwambia Nadine.

"Ningeweza kusema zilikuwa za bunduki kubwa," akasema baadaye. "Nafunga macho naona ni za kubwa. Nafunga tena naona ni za panya. Agosti ile nilikuwa nanyanyuka nanyanyuka. Mara mbwa, mara bomba la maji. Sijawahi kumaliza kitu kimoja maisha yangu yote, Emmett."

"Umemaliza miaka thelathini na moja ya theluji."

"Theluji haimalizwi," akasema, akafungua dirisha. Nikamwacha.

Lami ikaisha kwenye daraja, ikaanza njia ya mawe, na magari ya wawindaji yamepaki kila kona na mahema yenye moshi. Saa kumi na dakika ishirini tukaikuta kambi yao. Tavis, kijana mrefu, mpole, alikuwa anapasua kuni. Akafurahi kutuona, maskini.

"Mzee! Mama alikuruhusu?"

"Brita yuko wapi?"

"Machimboni kule, kwenye changarawe, anajaribu bunduki. Ameondoka sasa hivi, na…"

Mlio ukatokea nyuma ya miti. Mmoja. Ukagonga milima ukarudi.

Verlin alikimbia. Nasema alikimbia, na goti lile, ambalo daktari alisema lisipande hata ngazi. Makopo aliyaangusha, nikayaokota mimi. Njia ilikuwa ya magurudumu ya zamani, theluji hadi kwenye vifundo, na mimi nyuma yake sina pumzi, nasikiliza. Ninachokumbuka ni kwamba hakukuwa na sauti nyingine. Niliomba Mungu nisikie mlio wa pili na papo hapo niliomba nisiusikie. Verlin alianza kuita jina lake. Sauti haikuwa yake.

Tulipotokea machimboni Brita alikuwa amelala kifudifudi juu ya turubai, bunduki begani, shavu kwenye mti wa bunduki. Kando yake kisanduku cha plastiki kiko wazi. Nikaona nafasi moja tupu.

"Brita! Ngoja!"

Akageuza kichwa. Ana uso. Hilo ndilo nililoliona kwanza, uso wake wote upo, unatabasamu. Akafungua komeo la bunduki, risasi ikaruka nje nzima, inang'aa, ikaanguka kwenye turubai. Ile iliyolia ilikuwa ya dukani, moja ya zile tatu, aliipiga kwanza kupasha mtutu. Hii ilikuwa ya babake, ya kwanza.

"Nilijua tu," akasema. "Nilisikia unaniita nikasema, mzee ameshindwa kukaa nyumbani, amekuja kuona zake zinavyokwenda. Kidole kilikuwa tayari. Njoo basi, njoo ulale hapa uone."

Verlin alikaa chini kwenye changarawe yenye barafu, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo."

Akampa. Nyundo ya kufungulia ni ya plastiki, unaibana risasi kichwani mwake, unagonga jiwe, mshtuko unakitoa kichwa na baruti inamwagika ndani. Akagonga mara nne ambapo mara mbili zingetosha. Akamwaga baruti kwenye karatasi nyeupe. Nikamfungulia makopo, akachota punje kutoka kila moja, akaziweka huku na huku. Zote nyeusi, zote vijiti vidogo. Lakini zikiwa pamoja kwenye karatasi hata mimi niliona. Vijiti vya bunduki kubwa vilikuwa virefu. Vilivyotoka kwenye risasi vilikuwa vifupi nusu yake, sawasawa na vya kopo la panya.

Brita alikuwa amepiga magoti akitazama juu ya bega lake. Anajua kusoma alichokiona. Ametembea kwa Mwalimu tangu utotoni.

"Ngapi?" akauliza.

"Zote, nadhani."

"Tusidhani."

Akachukua ya pili akampa. Akachukua ya tatu. Alitaka kuiona kila moja kwa macho yake, na sisi tukakaa pale, Tavis naye amefika amesimama na shoka lake hajui aliweke wapi, na Verlin anagonga jiwe. Ya tano, fupi. Ya tisa, fupi. Ya ishirini, fupi. Kimlima cha baruti kilikuwa kwenye karatasi, na upepo ukaanza kukila pembeni, hakuna aliyekizuia.

Nilimngoja Brita amkaripie babake. Ningekuwa mimi ningemkaripia, na nilikuwa na maneno yangu tayari pia, ya kwangu mwenyewe, maana ni mimi niliyemtuma kwake. Badala yake akaanza kulia, kwa hasira, akijifuta kwa mkono wa koti.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa naongea. Nilikaa pale kwenye ndoo saa nzima naongea, farasi sijui nani, Tavis sijui nini, mambo ya kipuuzi. Kwa nini hukuniambia ninyamaze, Baba? Unamwambia kila mtu. Umemwambia hadi mchungaji. Ningenyamaza."

"Najua ungenyamaza."

"Sasa kwa nini?"

Verlin alikuwa bado ameshika ganda la mwisho, tupu, analizungusha kati ya vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa baruti.

"Miaka miwili hukuja kukaa na mimi hivyo," akasema. "Niliogopa nikikunyamazisha utaondoka."

Brita alikaa pale pale kwenye changarawe, akaegemea bega la babake, na Tavis akaweka shoka chini akatuacha, akaenda kuchemsha kahawa.